Ayala wa Rais: nchi iliyoagiza wanyama wa kuwinda, ikaishia kuwafukuza kwa helikopta

Aprili 1909, Theodore Roosevelt alishuka Mombasa. Alikuwa ametoka kwenye urais wa Marekani wiki chache tu zilizopita, na alikuja huku kuwinda. Hadithi hiyo pengine unaijua: treni ya Uganda, wapagazi wengi, simba, vifaru, tembo, na mwishowe vielelezo zaidi ya 11,000 vikasafirishwa kwenda kwenye makumbusho ya Smithsonian. Yaani mtu alivuka bahari kuwafuata wanyama walipo.

Ambalo wengi hatulijui ni kwamba miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1905, Roosevelt huyu huyu alikuwa amehusika katika jambo la kinyume kabisa. Badala ya mwindaji kuwafuata wanyama, wanyama walipakiwa melini wakapelekwa kwa wawindaji. Walikwenda Nyuzilandi, na wengine walikuwa zawadi yake.

Leo nataka tuiangalie habari hiyo, kwa sababu mbili. Kwanza, ni mfano mzuri mno wa kinachotokea watu wanapoamua kuipangia upya nchi nzima wanyama wake kwa ajili ya starehe. Pili, mimi nimekulia kando ya Ziwa Victoria, na nitakueleza mwishoni kwa nini mtoto wa ziwa hawezi kusoma historia hii akabaki kimya.

Nchi isiyo na mnyama wa kuwinda

Hebu anza kwa kuwaza nchi yenye milima, misitu na mito, ukubwa wake zaidi kidogo ya robo ya Tanzania, lakini haina swala, haina nguruwe pori, haina hata sungura. Mamalia wa nchi kavu wa asili waliobaki ni popo tu. Hiyo ndiyo Nyuzilandi ilivyokuwa kabla ya binadamu kufika. Ilijitenga na mabara mengine mamilioni ya miaka iliyopita, na nafasi ambayo kwetu imeshikwa na swala, pofu na nyati, kule ilishikwa na ndege. Mkubwa wao aliitwa moa: hakuwa na mbawa kabisa, na jike la aina kubwa liliweza kuzidi kilo 200.

Wamaori walifika takriban mwaka 1300, wakaleta mbwa na panya. Waliwawinda moa kwa chakula, na baada ya muda usiozidi karne mbili hivi ndege hao wakatoweka. Kwa hiyo tusidanganyane: binadamu wa kila rangi akifika mahali papya huacha alama. Kapteni James Cook naye, katika safari yake ya 1773, aliacha nguruwe na mbuzi. Nguruwe hao wakageuka kuwa wa porini.

Kisha karne ya 19 wakaja walowezi wa Kiingereza na Kiskoti. Waliitazama ile misitu wakaona kitu kimepungua. Kwao Uingereza, mnyama wa heshima porini ni yule ambaye Kiswahili cha Biblia kinamwita ayala. Kama umewahi kusoma Zaburi ya 42 umekutana naye. Sisi huku hatuna jamii hiyo, na ndiyo maana watu wengi humwita kulungu au swala, lakini si sahihi. Swala, pofu na kulungu wana pembe za kudumu. Ayala dume hudondosha pembe zake kila mwaka na kuotesha nyingine, tena zenye matawi. Matawi hayo ndiyo wawindaji wanayohesabu. Pembe zenye matawi 12 au 14 ukutani ni nyara ya kujivunia.

Kwa nini hasa ayala?

Hapa kuna jambo ambalo mimi lilinishangaza. Ukifikiri kwamba ni tamaa ya matajiri peke yake, umekosea. Uingereza, ayala alikuwa mnyama wa mabwana. Mwaka 1723 Bunge la huko lilipitisha sheria kali iliyomfanya mtu aliyemwinda ayala kinyume cha sheria, hasa akiwa amejificha uso, aweze kunyongwa. Maskini alimwona mnyama akipita shambani, lakini akimgusa ni jela au kamba shingoni. Wengi waliohamia Nyuzilandi walikuwa wajukuu wa watu hao. Walitaka nchi ambayo fundi seremala na mchunga kondoo nao wangeweza kupanda mlimani na bunduki, wakarudi na nyama bila kumwomba bwana yeyote ruhusa. Lilikuwa wazo la haki.

Sasa weka hilo kando ya kilichotokea kwetu. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji kwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Vibali vikaanza, maeneo ya hifadhi yakatengwa, na mtu ambaye babu yake aliwinda pale pale akaanza kuitwa jangili. Kwa hiyo katika miongo ile ile, Mzungu maskini aliyehamia upande mmoja wa dunia alipewa haki ya kuwinda wanyama ambao hawakuwapo, na Mwafrika wa upande mwingine akanyang'anywa haki ya kuwinda wanyama waliokuwapo. Na milima ile ya Nyuzilandi haikuwa tupu pia. Sehemu kubwa ilikuwa ardhi ya Wamaori iliyochukuliwa kwa mikataba ya ulaghai, kwa ununuzi wa bei ya kutupa, au kwa vita.

Vyama vya kuhamisha viumbe

Kazi hii ilikuwa na taasisi zake. Mwaka 1854 wanasayansi wa Paris waliunda chama cha kuzoesha wanyama na mimea katika nchi ngeni. London ikafuata 1860, Melbourne 1861, na Nyuzilandi kila mkoa ukawa na chama chake: Nelson, Otago, Canterbury na kadhalika. Hawakuwa wahuni. Walikuwa madaktari, mawakili, wakulima wakubwa na magavana. Waliamini wanafanya sayansi, tena sayansi ya maendeleo: dunia ni kama shamba, na mkulima hodari hupanda kila kitu kizuri mahali kinapokubali.

Gavana mmoja, George Grey, aliyewahi kutawala Koloni la Cape huko Afrika Kusini, alinunua kisiwa cha Kawau mwaka 1862 akakijaza wanyama wa kila namna, wakiwemo wallabi wa Australia na hata punda milia. Punda milia hawakudumu. Wallabi wakageuka kero.

Ayala wekundu wa kwanza waliletwa Nelson kuanzia 1851, kutoka kwenye bustani ya bwana mmoja wa Essex. Mwaka 1862 walifika wengine kutoka Windsor, zawadi ya Prince Albert, mume wa Malkia Victoria. Otago ikapata wa Uskoti mwaka 1871. Kisha ikaja awamu ya pili, ambapo serikali yenyewe iliingia. Mwaka 1901 Nyuzilandi ilianzisha idara ya utalii, ya kwanza ya serikali duniani, na mkuu wake Thomas Donne alikuwa mpenzi mkubwa wa uwindaji. Hesabu yake ilikuwa rahisi: tajiri wa London anakwenda Himalaya, anakwenda Alps, anakwenda Afrika. Kwa nini asije huku?

Basi zawadi zikamiminika. Mwaka 1904 Duke wa Bedford alitoa tahri, yaani mbuzi-mwitu wa milima ya Himalaya, wakaachiwa karibu na Mlima Cook. Mwaka 1905 wakaja wapiti, ayala wakubwa wa Marekani (jina lao linasikika kama Kiswahili, lakini ni la watu wa asili wa Marekani). Hao ndio tulioanza nao, baadhi yao zawadi ya Roosevelt. Wanyama 18 waliachiwa kwenye ghuba ya George Sound, kusini magharibi kabisa. Mwaka 1907 Mfalme Franz Joseph wa Austria akatoa wanyama 8 aina ya shamwa, wanaofanana kidogo na mbuzi mawe wetu kwa jinsi wanavyoruka majabali. Mwaka 1910 wakaletwa musi 10 kutoka Kanada, ayala wakubwa kuliko wote duniani. Angalia hizo namba: 18, 8, 10. Wachache kiasi kwamba ungeweza kuwapa majina.

Hesabu ambayo haikupigwa

Tuweke penseli kwenye karatasi kidogo. Chukua mfano tu, si takwimu ya kundi lolote: wanyama 10, hakuna chui, hakuna fisi, hakuna mbwa mwitu, chakula tele, na kundi linaongezeka kwa asilimia 25 kwa mwaka. Baada ya miaka 10 utakuwa nao 93. Utasema, safi, mradi unaendelea vizuri, tuwalinde kidogo zaidi. Baada ya miaka 20 ni 867. Hapo wakulima wa bondeni wanaanza kulalamika. Baada ya miaka 30 ni 8,078.

Umeona mtego? Katika theluthi mbili za kwanza za muda huo hakuna dalili ya hatari. Aliyewaleta wanyama anazeeka akisifiwa, na tatizo analirithi mtu mwingine. Ndivyo ilivyokuwa kwa ayala wekundu. Kwa miongo kadhaa sheria iliwalinda wao, na kibali kilihitajika kumpiga mmoja. Si kila jaribio lilifanikiwa. Musi hawakustawi kabisa, na wa mwisho kujulikana kupigwa risasi ni wa mwaka 1952, ingawa mpaka leo kuna watu wanaoingia msituni kutafuta waliosalia. Lakini ayala wekundu, tahri na shamwa walikuta pepo.

Msitu haukuwa tayari. Miti ya kule ilikulia mbele ya moa, si mbele ya kundi la wanyama wanaotafuna chipukizi usiku na mchana. Baadhi ya miti inayopendwa ililiwa ikiwa michanga mwaka baada ya mwaka. Ukipita unaona msitu mzima, miti mikubwa imesimama, na unadhani mambo ni shwari. Ukiinama unakuta chini hakuna watoto. Ni kama kijiji chenye wazee watupu.

Vita dhidi ya zawadi

Mwaka 1930 wahusika walikutana Christchurch kujadili walichokiita janga la ayala, na ulinzi wa kisheria ukaondolewa. Kuanzia 1931 serikali ikaajiri vijana wa kuwaua. Hebu waza: mnyama yule yule ambaye baba alitozwa ada ya kibali ili amwinde, mwana sasa analipwa mshahara ili ammalize. Vijana hao waliishi milimani miezi kadhaa, kwenye mahema na vibanda vya mabati, na walilipwa pia kwa kila ngozi au mkia waliourudisha kama ushahidi. Barry Crump, aliyekuwa mmoja wao, aliandika kitabu juu ya maisha hayo mwaka 1960, kikauzwa kama njugu. Kufikia 1975 ayala waliouawa katika shughuli hizo za serikali walikuwa wamezidi milioni moja.

Na bado hawakuisha.

Kilichowapunguza kweli ni soko. Miaka ya 1960 nyama ya ayala ilipata wanunuzi Ulaya, hasa Ujerumani Magharibi, na watu kama Tim Wallis wakaanza kutumia helikopta. Mpigaji alikaa mlangoni na bunduki, wanyama walioanguka wakafungwa kamba na kuning'inizwa chini ya helikopta kwa makumi. Kazi ya wiki nzima ya mtu wa miguu ikawa ya asubuhi moja. Baadaye ufugaji wa ayala uliporuhusiwa, mnyama hai akawa na thamani kubwa kuliko mzoga, na vijana wakaanza kuruka kutoka kwenye helikopta kumkumbatia ayala anayekimbia ukingoni mwa genge. Sio sinema, walifanya hivyo kweli, na si wachache waliopoteza maisha katika ajali za miaka ile. Leo Nyuzilandi ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa nyama ya ayala wa kufugwa duniani.

Sayansi nayo ilijirekebisha njiani, na hili napenda ulikumbuke. Miaka ya 1930 hadi 1950 iliaminika kwamba ayala ndio wanaosababisha mmomonyoko wa milima na mafuriko ya bondeni. Watafiti wa baadaye walionyesha kwamba sehemu kubwa ya mmomonyoko ule ni ya asili: milima ile bado inainuliwa na nguvu za ardhi, mvua ni nyingi, na matetemeko hayakosi. Ayala hawakuwa na hatia ya kosa hilo. Kosa lao la kweli lilikuwa kimya zaidi: zile chipukizi. Mwaka 1948 daktari Geoffrey Orbell alimkuta takahe, ndege wa bluu na kijani asiyeruka aliyedhaniwa ametoweka, kwenye milima ya Murchison. Furaha ilikuwa kubwa, kumbe mle mle mlimani ayala walikuwa wanamalizia nyasi ambazo takahe anazitegemea kwa chakula. Ilibidi wachague, na ayala wa eneo lile wakaanza kupunguzwa kwa makusudi.

Mgeni anakuwa mwenyeji lini?

Ungetegemea hadithi iishe hapo, wabaya wapigwe, ndege waokolewe. Ila haiishi hivyo.

Sheria ya hifadhi za taifa ya 1980 inasema wanyama walioletwa waangamizwe kadiri inavyowezekana. Lakini vizazi vinne au vitano vimeshakua na bunduki ya babu na nyama ya ayala kwenye friji. Kwa familia nyingi za vijijini, za Wamaori zikiwemo, kuwinda ayala na nguruwe ni chakula, ni malezi, ni namna ya baba na binti kuzungumza. Mwaka 1993 ulipitishwa mpango wa tahri wasizidi 10,000. Makadirio ya miaka ya hivi karibuni yakaonyesha wamezidi 30,000. Mwaka 2020 idara ya uhifadhi ilipotaka kupeleka helikopta kwa wingi, wawindaji walichangishana fedha wakaipeleka mahakamani, na mahakama ikaitaka idara irudi kushauriana nao kwanza.

Hoja za wawindaji si za kipuuzi. Wanasema moa alikuwa akila majani, ayala ameshika nafasi yake tu. Ni hoja nzuri, na imepimwa: kinyesi kilichokauka cha moa, kilichohifadhika mapangoni, kinaonyesha walikula mimea kwa mchanganyiko tofauti na ayala. Wanasema pia tahri kwao Himalaya wanapungua, kwa nini kuwaua walikostawi? Hili mimi nalitafakari kwa uzito. Kuna mnyama mmoja wa Afrika, choroa mwenye pembe za upanga, aliyetangazwa kutoweka porini mwaka 2000. Waliokuwa wamebaki walikuwa kwenye bustani za wanyama, makundi ya Ghuba, na ranchi za Texas ambako watu hulipa kuwawinda. Kuanzia 2016 choroa hao wamerudishwa Chad kutoka kundi lililokusanywa Abu Dhabi, lenye damu ya wanyama wa Marekani pia. Mgeni aliyehifadhiwa ugenini anaweza kuwa mbegu ya nyumbani. Lakini angalia tofauti: ranchi ya Texas ina uzio, na choroa alirudi kwao. Tahri yuko wazi juu ya mimea ambayo haipo kwingine kokote duniani.

Ziwani kwetu

Nimeahidi kurudi ziwani. Mwaka 1905, ule ule wa wapiti, mlowezi Ewart Grogan alileta samaki aina ya trauti kutoka Uskoti akawaweka kwenye mto Gura, milima ya Aberdare, ili Waingereza wapate kuvua kwa starehe. Miaka ya 1950 ikaja zamu ya Ziwa Victoria. Sangara aliwekwa ziwani upande wa Uganda. Baadhi ya maofisa walitaka samaki mkubwa wa kuvuliwa kwa mchezo, wengine walitaka ageuze furu, wale samaki wadogo waliowaona hawana maana, kuwa minofu. Wataalamu wengine walionya. Kwa miaka 20 hivi hapakuonekana kitu. Kumbuka ile hesabu yetu. Miaka ya 1980 sangara wakalipuka, na mamia ya aina za furu ambazo hazikuwapo popote pengine duniani zikapotea.

Mimi nimesomeshwa kwa sangara. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mizani ya mwalo, na sitajifanya kwamba fedha ile ilikuwa chafu. Bibi yangu ndiye aliyekuwa akitaja majina ya furu, moja moja, kwa rangi na kwa ladha, na mimi nikiwa mtoto nilidhani anasimulia ngano. Nilikuja kuelewa nikiwa darasani, nikiandika umahiri, kwamba alikuwa anataja marehemu.

Kwa hiyo nikisoma kuhusu yule mwindaji wa Nyuzilandi aliyesimama mahakamani kutetea tahri, simcheki. Namwelewa kabisa. Anatetea kitu kilicholetwa na mtu mwingine, kwa sababu za mtu mwingine, kikawa maisha yake. Ndivyo nilivyo na sangara. Hatari ya kuleta mnyama mgeni haimo kwenye meno na tumbo lake tu, imo pia kwenye ukweli kwamba baada ya miaka 50 hakutakuwa na uamuzi wowote usiomuumiza mtu.

Basi siku ukisikia mtu anasema tulete samaki fulani bwawani, au mnyama fulani ranchini kwa ajili ya wageni wa uwindaji wa kitalii, usimwite mjinga. Wale wa 1905 hawakuwa wajinga. Muulize tu: anakula nini, nani atamla, na wakifika 8,000, ni mtoto wa nani atapewa bunduki?